Siyo kwa Sababu

Nina Mustang 41. Zote zinaenea kwenye boksi moja la viatu, kwa sababu hata iliyo ndefu kuliko zote haizidi kidole changu cha kati. Boksi liko chini ya kitanda katika chumba ninachopanga hapa Michigan. Kwenye kompyuta nina jedwali lake lenye safu sita: kampuni iliyokitengeneza kigari, mwaka wa gari lenyewe, rangi, mahali nilipokipata, bei, na safu ya mwisho niliyoipa jina la "Siyo kwa sababu". Ninasoma shahada ya uzamili ya takwimu, kwa hiyo jedwali halimshangazi mtu. Mwenzangu wa nyumba aliwahi kuiona ile safu ya mwisho akaniuliza ni ya nini. Nilimwambia ni utani.

Nilianza bila kukusudia. Ilikuwa Januari ya mwaka wangu wa kwanza hapa, nimeingia supamaketi kutafuta mchele, nikakatisha upande wa vitu vya watoto. Hot Wheels zilikuwa zimetundikwa ukutani, kila moja kwenye kadi yake, dola moja na senti 25. Kati yake kulikuwa na Mustang ya bluu yenye paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma. Nilisimama pale mpaka mfanyakazi akaja kuniuliza kama ninahitaji msaada. Nikailipia pamoja na mchele. Nilipofika chumbani nikaitoa kwenye plastiki, nikajaribu kuinua boneti kwa ukucha. Haikuinuka. Ile ninayoikumbuka mimi, boneti yake ilifunguka.

Ile ilikuwa ya kaka yangu. Mjomba wetu alikuwa baharia, na mwaka 2006 alipopita Morogoro kutusalimia alimletea kaka kigari cha chuma cha bluu, mimi akaniletea vibanio vya nywele. Kaka alikuwa na miaka 11, mimi 8. Mjomba ndiye aliyetuambia gari lile linaitwa Mustang, na kwamba mustang ni farasi wa mwituni wa Marekani. Chini ya tumbo la kigari kulikuwa na maandishi madogo ambayo hakuna aliyehangaika kuyasoma. Kaka hakuruhusu mtu akiguse. Alikipitisha kwenye mkono wa kochi huku akinguruma kwa mdomo, akimaliza anakirudisha kwenye mfuko wa kaptula.

Siku moja ya masika, kaka akiwa twisheni, nilikikuta juu ya kitanda chake nikakichukua. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mtaro, na mvua ikinyesha Uluguru maji yalishuka humo kwa kasi, mekundu ya udongo. Kulikuwa na ubao wa kuvukia. Nilitaka kuona Mustang ikivuka daraja. Ilivuka nusu, ikateleza, ikaingia kwenye maji na kupotelea ndani ya kalavati. Nililala kifudifudi nikaingiza mkono hadi begani. Niliokota kokoto na kipande cha ndala.

Nilirudi ndani na gauni lenye tope kifua kizima. Dada akanivua, akalifua, akalianika jikoni kwa sababu nje mvua ilikuwa bado. Hakuniuliza kitu.

Dada alikuwa msichana wetu wa kazi. Alikuwa na miaka kama 17, ametokea Kilosa. Wote tulimwita dada, hata mama ambaye angeweza kumzaa. Ni neno la heshima. Ni neno pia linalomwezesha mtu kukaa nyumbani kwenu miaka miwili, akawapikia na kuwafulia, bila mtoto wa nyumba hiyo kujua jina lake.

Kaka alipokikosa kigari alilia hadi usiku. Mama aliinua magodoro, akasogeza kabati. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mtoto wa kike atakitakia nini kigari? Halafu mtu akakumbuka kwamba mwezi uliopita sukari iliisha mapema. Begi la dada, lile la shangazi kaja, lilifunguliwa katikati ya sebule, kitu kimoja baada ya kingine: khanga, sabuni, daftari, picha ya watu wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, nguo zake za ndani. Kigari hakikuwemo. Ikasemwa atakuwa amekitoa nje. Jumatatu asubuhi baba alimpeleka stendi ya Msamvu. Wakati wa kuaga aliniwekea mkono kichwani, nami nikawa na hakika kwamba anajua. Alilifua lile gauni, atakosaje kujua? Nimeishi miaka 18 nikiamini kwamba dada alijua na akaninyamazia.

Kwa hiyo Mustang ya pili niliinunua kwa sababu ya kwanza haikuwa yenyewe, na ya tatu kwa sababu ya pili pia haikuwa. Ukitafuta kitu kimoja kwa muda mrefu unajifunza mambo ambayo hukuyatafuta. Mustang ilionyeshwa kwa umma tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Bei ilianzia dola 2,368. Ndani yake vitu vingi vilitoka kwa Ford Falcon, gari la kawaida la familia, ila ilivalishwa bodi mpya, ndefu mbele na fupi nyuma. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000. Paa la kuteremka lilikuja miezi michache baada ya Aprili, kwa hiyo ya kaka haikuwa ya siku zile za mwanzo. Neti ya mbele ya 1965 ni kama sega la nyuki. Ya 1966 ina mistari ya kulala. Kuanzia 1968 kuna taa ndogo ubavuni, kwa sababu sheria ya Marekani ilizidai. Ya 1969 ina taa nne mbele. Kila jambo nililojifunza liliondoa vigari kadhaa kwenye orodha, na mimi nikaliona kuwa maendeleo.

Nilijifunza pia kwamba mwaka uliochapwa chini ya kigari hauonyeshi kilitoka kiwandani lini. Ni mwaka wa kalibu. Kalibu moja hutumika miaka na miaka, hubadilishwa rangi na magurudumu tu, kwa hiyo vigari vilivyopishana miaka 20 vinaweza kuwa na tarehe moja tumboni. Hata kama siku ile ningesoma maandishi ya kigari cha kaka, yasingenisaidia sana.

Wakusanyaji hukutana Jumamosi kwenye kumbi za makanisa na mahoteli, meza baada ya meza. Wengi ni wazee wa Kizungu wenye kofia na miwani ya kusomea. Mara ya kwanza mzee mmoja aliniuliza kama natafuta zawadi ya mwanangu. Nilimwambia natafuta ya bluu, paa la kuteremka, boneti inayofunguka, saizi ya moja kwa 64. Akaacha kucheka. Alinionyesha ile ya 1968, mwaka ambao Mattel walianzisha Hot Wheels kwa magari 16, Mustang ikiwa mojawapo. Ilikuwa ya bluu inayong'aa kama mbawa za mdudu. Aliifungua boneti kwa ncha ya kidole. Moyo ulinienda mbio. Halafu nikaona mstari mwekundu kwenye magurudumu. Ya kaka haikuwa na mstari mwekundu. Au ilikuwa nao? Bei yake ilinizidi uwezo mara nyingi, nikashukuru kwamba sikulazimika kujijibu. Kwenye jedwali niliandika hivyo hivyo bila kuinunua: siyo kwa sababu ya magurudumu.

Mwezi wa nne rafiki alinipeleka Dearborn, kwenye makumbusho ya Henry Ford, si mbali na kiwanda ambako Mustang za kwanza ziliundwa. Wanayo pale Mustang namba moja, nyeupe, ya paa la kukunja. Haikuwa imekusudiwa kuuzwa. Ilipelekwa St. John's, Newfoundland, huko Kanada, iwe ya kuonyeshwa, na rubani wa ndege aitwaye Stanley Tucker akaipenda na kuinunua. Ford walipotambua, waliitaka irudi. Tucker alikuwa bado anaifurahia. Mwaka 1966 wakakubaliana: awarudishie namba moja, na wao wampe Mustang iliyotangazwa kuwa ya milioni moja.

Rafiki yangu aliiona hadithi hiyo tamu. Mimi nilibaki nimeganda mbele ya kioo cha gari. Ford walipotaka kumaliza jambo lao walijua wamtafute nani. Walikuwa na jina na anwani yake, wakamuuliza anataka nini. Mimi nilikuwa na vigari 41 na jedwali la safu sita, na jina la yule dada sikulijua.

Usiku ule, asubuhi ya Tanzania, nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hujalala?"

Nikamweleza yote, tangu ubao wa kuvukia. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe."

"Ndiyo mama."

"Sasa unaniambia leo ili nifanye nini?"

Nilimwambia nataka jina la dada. Akasema, "Si yule dada wa Kilosa," kama vile hilo ndilo jina. Akasema maji yanachemka jikoni, tutaongea.

Siku nne baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amekwenda sokoni kwa mama aliyekuwa akiwaletea watu wasichana wa kazi, na yule mama alikuwa bado anamjua. Jina likaja pamoja na namba ya simu. Sitaliandika hapa. Ni lake, na sijamwomba ruhusa.

Nilimpigia Jumamosi. Kwao ilikuwa jioni. Kelele za genge zilisikika nyuma yake, mtu anauliza bei ya nyanya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilijitambulisha kwa jina la mama na la mtaa. Akasema, "Wa Morogoro? Yule mdogo?" Sauti yake haikuwa na hasira wala furaha. Nikaanza kusema haraka haraka kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa: kigari, mtaro, gauni, nilijua na nikanyamaza, naomba unisamehe.

"Gari gani?" akauliza.

Nikamwelezea. La bluu. La chuma. Dogo hivi.

"Mimi nilidhani ilipotea pesa," alisema. "Au saa ya baba."

"Lakini gauni, dada. Lilikuwa na tope, ukalifua."

Hapo akacheka, kicheko cha kweli. "Nimefua magauni mengi, mdogo wangu."

Kisha akaniambia anachokumbuka yeye. Cha kwanza ni mshahara. Mwezi ulikuwa umeisha, alikuwa anadai shilingi 15,000, na mama alisema itafidia kilichopotea. Alifika Kilosa mikono mitupu wakati mdogo wake anasubiri sare za shule. Cha pili ni begi. "Kunifungulia begi mbele ya baba yako," alisema, na hakumalizia.

Habari ya mshahara sikuwahi kuijua. Mama hakuitaja, hata kwenye simu. Katika safu zangu zote sita hakukuwa na mahali pa kuiandika. Nilikuwa nimetumia dola 283 kutafuta kitu ambacho yeye hata hakujua kwamba ndicho kilichomfukuzisha.

Nilimuuliza nimtumie kiasi gani. Nikaanza kumweleza kwamba shilingi ya mwaka 2006 si ya leo, kwamba inabidi kukokotoa kupanda kwa bei, kwamba hilo ndilo ninalosomea. Akanikatiza.

"Nitumie elfu kumi na tano yangu kwanza. Hayo mengine tutaongea. Na uweke ya kutolea."

Elfu kumi na tano leo ni kama dola sita, vigari vinne na chenji. Niliituma siku ile ile, na ya kutolea. Boksi liko bado chini ya kitanda, na sijui nitalifanyia nini. Jumanne nilipita supamaketi nikakuta Mustang nyingine ya bluu imetundikwa. Nikaishika, nikaigeuza nisome mwaka wa kalibu, nikairudisha. Kwenye jedwali sijaongeza kitu.

Mama alinipigia kuuliza kama dada amesamehe. Nikamwambia hakujibu hilo, nami sikurudia kumuuliza. Kuhusu mshahara nilimuuliza mama mwenyewe. Alisema ni kweli, kisha akaniuliza kama huku bado kuna baridi.

Juzi ujumbe wa dada uliingia, maneno matano tu: "Nimeipata. Asante. Bado ya begi."

Niliusoma mara nyingi. Hili la begi siwezi kulilipa peke yangu, kwa sababu si mimi niliyelifungua. Nikautuma kwa mama kama ulivyo, sikuongeza neno. Ameuona, tiki mbili zimeshakuwa za bluu. Hajajibu.