Megawati 20 kwa Udongo wa Makuyuni

Kazi yangu ya uhandisi, tangu mwanzo, imekuwa kupiga vitu kwa leza na kusoma mwanga wa plazma inayozuka, yaani ile hali ambayo joto la maelfu ya nyuzi limeng'oa elektroni kwenye atomi. Wengi huiona kuwa anasa ya mataifa tajiri, na hawakosi sababu. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara ya Livermore, California, ilielekeza miali 192 kwenye kidonge cha hidrojeni, ikatia megajuli 2.05 na kuvuna 3.15, ilhali mitambo yenyewe ilikwisha kula umeme wa megajuli 300 hivi. Sijawahi kudai tujenge kitu hicho. Ninachodai ni kwamba nguvu ya leza hutokana zaidi na ufupi wa muda kuliko wingi wa umeme. Milijuli 100 hazitoshi kupandisha joto la tone la maji kwa nyuzi moja. Zimimine ndani ya nanosekunde 5, nazo ni megawati 20, karibu sawa na kituo cha umeme wa maji cha Hale, wilayani Korogwe, kilichojengwa kwa megawati 21.

Nguvu hiyo ya kufumba na kufumbua inatosha kugeuza chembe za udongo kuwa plazma, na kila elementi hujitaja kwa rangi yake. Ndiyo maana mfano wangu ni Makuyuni, hii ya Korogwe, si ile ya Monduli ambayo watalii huipita. Huku ni ukanda wa mkonge, zao lililoingia Tanga mwaka 1893. Mkonge hunyonya kalsiamu nyingi, na shamba lisilorudishiwa chokaa kwa miongo huishia kuwa na tindikali. Kalsiamu ni miongoni mwa elementi zinazosomeka kirahisi zaidi kwenye plazma.

Nikisema udongo huo upimwe kwa leza, wakemia hunijibu kwamba maabara zao ni sahihi zaidi. Ni kweli, tena ningeongeza hoja zao: unyevu huvuruga vipimo, naitrojeni ya udongo huchanganyika na ya hewa, na mistari ya fosforasi hufunikwa na ya chuma, ambacho udongo mwekundu umejaa. Lakini sampuli chache zilizopimwa kikemia katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, zinaweza kuwa rejea ya kusahihishia nyingine nyingi zinazopigwa leza kwa dakika chache kila moja, bila kemikali. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamekwisha kuijaribu njia hii kwenye udongo na miamba. Huko Mars, gari la Curiosity limekuwa likipiga miamba hivyo tangu 2012. Vyuo vyetu vya uhandisi visingoje mtambo wa miali 192. Vianze na leza ya mezani, na sampuli ya kwanza itoke kwenye shamba la mkonge.