Baba aliyemuuliza mwanaye aanze na anime ipi

Kwa karibu miaka miwili, baba mmoja wa Kihonda, mjini Morogoro, alikuwa akirudi nyumbani jioni na kukuta mambo yaleyale. Binti yake wa miaka saba anamkimbilia getini. Kijana wake wa Kidato cha Pili anatoa shikamoo akiwa kitandani, simu mkononi, spika zimo masikioni. Baada ya hapo ni kimya hadi kesho yake.

Hawakuwa wamegombana. Tangu mama wa watoto hao alipofariki dunia, kijana alikuwa anajibu alichoulizwa tu, basi. "Ndiyo, baba." "Nimekula." "Shule ni nzuri."

Baba huyo ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda vya chuma. Mchana kutwa yuko kwenye kelele za grainda, hivyo mwanzoni alishukuru kukuta nyumba imetulia. Ilimchukua muda kutambua kuwa utulivu ule haukuwa wa heri.

Aliyemwambia wazi ni dada yake, shangazi wa watoto, ambaye huja kuwasaidia mwisho wa wiki. "Kaka, huyu mtoto anaangalia katuni za Kichina usiku kucha. Zina mapepo zile. Mnyang'anye simu kabla hajaharibika."

Baba hakukataa. Lakini hakutaka kunyang'anya kitu asichokijua. Akaamua kuangalia mwenyewe kwanza.

Jumamosi moja alinunua bando, akakaa sebuleni na binti yake mapajani, akatafuta anime kwenye simu yake. Katika zile zilizotokea alichagua iliyosifiwa sana, Attack on Titan. Hakuona haja ya kumwondoa mtoto. Kwake yeye katuni ni katuni, ni paka anayemfukuza panya.

Katika sehemu ya kwanza kabisa, majitu yanaingia mjini baada ya ukuta kubomolewa. Mama wa kijana ambaye ndiye mhusika mkuu ananaswa chini ya kifusi cha nyumba yake, na jitu moja linamla huku mwanaye akiona. Baba alizima simu haraka, lakini alikuwa amechelewa.

Binti hakulia. Aliuliza tu, "Baba, na mama yetu alikuwa anaogopa?"

Usiku ule alilala chumbani kwa baba yake, taa ikiwaka.

Asubuhi baba alikwenda kwenye chumba cha kijana akiwa na hasira, tayari kupiga marufuku kila kitu. Alieleza kilichotokea. Kijana aliinuka kitandani, uso umembadilika.

"Baba, ile si ya watoto. Hata mimi siwezi kumwonyesha mdogo wangu kitu kama kile. Kwa nini hukuniuliza?"

Kwa wiki nzima hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Baba alisimama pale mlangoni, hasira ikaanza kumtoka. Akavuta kiti.

"Haya, sasa nakuuliza. Mtu mgeni kama mimi aanze na ipi?"

Kijana akatoa spika ya sikio la kwanza, kisha ya pili.

Somo la kwanza lilikuwa kwamba hizo si katuni za Kichina, ni za Japani. Nyingi huanza kama manga, yaani hadithi za picha zinazochapishwa kwenye majarida, na majarida hayo hulenga wasomaji tofauti. Shonen ni kwa ajili ya wavulana wanaobalehe, shojo kwa ajili ya wasichana, seinen kwa wanaume watu wazima na josei kwa wanawake watu wazima. Kwa hiyo mtu anayesema anime zote ni za watoto, au zote ni mbaya, ni kama anayesema vitabu vyote ni vya watoto au vyote ni vibaya.

Kijana akaongeza tahadhari. Hata ile ya majitu ilitoka kwenye jarida la shonen, kwa hiyo jina la kundi peke yake halitoshi. Lazima mtu aangalie umri ulioandikwa, na asome kidogo hadithi inahusu nini, kabla ya kumwita mtoto.

Somo la pili lilihusu urefu. One Piece ilianza kuonyeshwa mwaka 1999, imeshapita sehemu 1,000 na bado inaendelea. Naruto ina sehemu 220, na mwendelezo wake, Naruto Shippuden, una 500. Kila sehemu huchukua kama dakika 24.

"Ukianza na hizo, baba, utazeeka hujamaliza. Na bando je?"

Baba akacheka. Akakubali kwamba mgeni aanze na filamu moja inayokwisha siku hiyohiyo, au mfululizo mfupi.

Somo la tatu lilikuwa kuchagua kwa kufuata kile ambacho mtu tayari anakipenda. Baba anapenda mpira, basi kijana akamfungulia Captain Tsubasa, hadithi ya mvulana anayeota kuwa mchezaji mkubwa. Yoichi Takahashi alianza kuichora mwaka 1981, na anime yake ikatoka mwaka 1983. Umaarufu wake ni mkubwa kiasi kwamba katika wilaya ya Katsushika, jijini Tokyo, zimewekwa sanamu za wahusika wake barabarani. Baba aliangalia sehemu mbili. Alisema uwanja wenyewe hauna mwisho, mchezaji anakimbia na mpira mpaka unachoka wewe unayeangalia. Lakini aliziangalia zote mbili.

Somo la nne ndilo lililomkaa zaidi. Kijana alimwambia asihukumu kwa michoro. Mwezi Aprili 1988, studio moja ya Japani, Studio Ghibli, ilitoa filamu mbili siku moja, zikaonyeshwa pamoja kwenye majumba ya sinema. Moja ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, ambayo hata mtoto mdogo anaifurahia. Nyingine ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, inayosimulia kaka na mdogo wake wa kike wanaobaki peke yao kwenye vita na njaa mwaka 1945. Ukiziona picha zake kwa haraka, unaweza kudhani zote ni za kumchekesha mtoto.

"Hiyo ya pili usiiangalie sasa hivi, baba," kijana alisema. Baba hakuuliza sababu.

Totoro aliiangalia kwanza peke yake, mchana, karakanani, wakati mafundi wenzake wamekwenda kula. Yaliyompata na binti yake yalikuwa yamemfundisha. Akagundua kwamba hata filamu hiyo ya upole ina jambo zito ndani yake. Dada wawili, Satsuki na Mei, wanahamia kijijini na baba yao, na mama yao amelazwa hospitalini. Alifikiria kuiacha. Kisha akaona ni afadhali amwandae mtoto kuliko kumficha.

Jioni alimwambia binti yake, "Kuna watoto wawili, mama yao anaumwa, yuko hospitali. Mwishoni anapona."

"Wetu hakupona," mtoto akasema.

"Hakupona, mwanangu."

Mtoto akafikiri kidogo, kisha akaomba awekewe.

Alicheka aliposikia yule mnyama mkubwa wa msituni akinguruma. Lakini Mei mdogo alipochukua muhindi mbichi na kuondoka peke yake ili ampelekee mama yake hospitalini, akiamini utamponya, binti alisogea karibu na simu. "Na mimi nilimpelekea mama chungwa," alisema. "Kaka ndiye alinimenyea."

Baba hakuwa analijua hilo. Wakati ule hakuwepo.

Alimtazama kijana wake, aliyekuwa amekaa kwenye kona ya kochi. Kijana aliendelea kuangalia simu.

Wiki iliyofuata, binti alipokwisha kulala, baba alisema, "Sasa niwekee ile yako. Ile unayoipenda wewe kuliko zote."

Kijana alisita. Alisema ni ndefu kidogo. Alisema labda hataielewa. Baba akamwambia aweke tu. Ilikuwa Fullmetal Alchemist: Brotherhood, yenye sehemu 64, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2009 na 2010. Aliyeandika na kuchora hadithi yake ni mwanamke, Hiromu Arakawa, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido.

Baba anajua Kiingereza cha kuandikia ankara za wateja. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa yanampita mbio. Kwa hiyo kijana akawa mkalimani wake, kama wale wanaotafsiri muvi mitaani, sentensi kwa sentensi. Baba alikuwa hajaisikia sauti yake kwa muda mrefu kiasi kile tangu msiba.

Hadithi ni ya ndugu wawili, Edward na Alphonse. Wanajua elimu ya kubadilisha vitu, ambayo sheria yake ni moja: ukitaka kupata kitu, lazima utoe chenye thamani sawa. Mkubwa ana mkono mmoja na mguu mmoja wa chuma. Mdogo hana mwili kabisa, roho yake imefungwa ndani ya vazi la vita la chuma. Katika sehemu ya pili inaonyeshwa sababu. Walipokuwa wadogo, mama yao aliugua akafa, nao wakajaribu kumrudisha. Hakurudi, na hicho ndicho walichotozwa.

Kijana alikuwa anatafsiri vizuri hadi hapo. Alipofika mahali ambapo mama anaugua, akasema, "Hapa mama yao anaumwa. Na baba yao..." Akanyamaza. Picha zikaendelea kupita bila tafsiri.

Baba hakuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa ameshaona kwamba katika nyumba ile ya kwenye picha kulikuwa na mama na watoto wawili tu. Alinyoosha mkono akaisimamisha.

"Baba yao hakuwepo," akasema.

"Hakuwepo."

Wakakaa. Nje mbwa wa jirani alikuwa akibweka.

"Mimi nilikuwa Dodoma," baba alisema. "Ile kazi ya grili. Nilikuwa natafuta hela ya hospitali."

"Najua, baba." Kijana alikuwa anaangalia mikono yake. "Lakini mimi ndiye niliyekuwepo."

Baba alikuwa ameshajiandalia maelezo siku nyingi. Nauli, bosi wa kule, simu iliyomfikia saa nane usiku. Hakuyatoa hata moja.

"Ndiyo," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwepo. Na sijawahi kukuuliza ilikuwaje."

Kijana alimweleza, hadi saa saba usiku. Aliyoyasema ni ya kwao wawili.

Tangu siku hiyo nyumba ile haijageuka nyingine. Zipo siku kijana bado anajibu kwa neno moja. Lakini upo utaratibu sasa, na aliusaidia kuupanga yeye mwenyewe. Siku za shule, simu inalala sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Ijumaa na Jumamosi ni sehemu mbili mbili, baba na mwana, binti akishalala. Binti naye ana zake, na hawekewi kitu ambacho mmoja wao hajakiangalia kwanza.

Kwenye hadithi ile baba amempata anayempenda, Winry, msichana fundi anayetengeneza ule mkono wa chuma na kuurekebisha kila unapoharibika. "Huyu ndiye fundi," alisema siku Winry alipomfokea Edward kwa kuiharibu kazi yake. "Hata mimi mteja akinirudishia geti alilogonga na gari, nasema hivyohivyo." Kijana alicheka hadi akajishika tumbo. Jumamosi iliyofuata aliomba kwenda karakanani, akashinda huko akishika vyuma huku baba akiunga.

Shangazi bado hana imani na mambo hayo. Ameeleza hofu yake, na kaka yake amemsikiliza, kwa sababu si hofu ya kudharau. Zipo anime ambazo hata kijana mwenyewe anasema hazifai kuingia nyumbani. Lakini juzi, akiwa anachambua mchele, shangazi aliuliza bila kuinua kichwa kama yule mtoto wa ndani ya chuma ameshaupata mwili wake.

Kijana ameshaimaliza hadithi hiyo zamani, zaidi ya mara moja. Baba ndiye aliyefika katikati. Ijumaa iliyopita, walipokwisha kuzima simu, alibaki amekaa kwenye kochi kwa muda.

"Hebu niambie kitu kimoja," akasema. "Yule baba yao, anarudi?"

Kijana alitabasamu. "Usinilazimishe kukusimulia mwisho, baba. Tutaangalia wote."