Masundosundo na Swali la Nani Kaleta

Kazi yangu ya utabibu nimeifanya zaidi katika kliniki za ngozi na magonjwa ya ngono, na ugonjwa ulionifikirisha kuliko mengine hauui haraka wala haulazi mtu kitandani. Ni masundosundo, vile vinyama vinavyoota sehemu za siri. Mwanaume anayekuja navyo huwa na swali lake kabla hata ya kuomba dawa: nani kaniletea? Wengine wameshalijibu nyumbani, na mke ameshahukumiwa. Kazi hii imenifikisha kwenye msimamo ninaoutetea bila kusita: swali hilo tiba haina namna ya kulijibu, na kadiri mwanaume anavyoling'ang'ania ndivyo anavyochelewesha yale yaliyo ndani ya uwezo wake, yaani uchunguzi, matibabu, kipimo cha mwenzake na chanjo ya watoto wake.

Sababu iko katika tabia ya kirusi chenyewe. Virusi vya papiloma, au HPV, viko vya aina zaidi ya 200, na takribani 40 kati ya hizo hushambulia sehemu za siri. Aina ya 6 na ya 11 husababisha kama asilimia 90 ya masundosundo. Havipiti kwa damu wala havihitaji shahawa. Huhama ngozi kwa ngozi, kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, hata miili inaposuguana bila kuingiliana. Ndiyo maana kondomu, ambayo naisisitiza kwa kuwa hupunguza hatari, haiimalizi: haifuniki kinena wala mfuko wa korodani. Kikishaingia, kirusi hukaa kimya. Vinyama huweza kuota baada ya wiki chache, mara nyingi miezi miwili mitatu, na wakati mwingine muda mrefu zaidi. Wengi hawaoti chochote. Kinga ya mwili hukidhibiti ndani ya mwaka mmoja au miwili, nao wameshawaambukiza wengine bila kujua. Tena hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kwa mwanaume asiye na dalili. Kwa hiyo vinyama vya leo vinaweza kuwa vimetokana na uhusiano wa kabla ya ndoa, na wa yeyote kati ya wawili hao.

Kuvitambua kunahitaji jicho lililozoea. Masundosundo huanza kama vipele vidogo vya rangi ya ngozi au vyeusi zaidi, laini, visivyouma ingawa huweza kuwasha. Hupenda kuota chini ya govi, kwenye shina la uume, tundu la mkojo, kinena na kuzunguka njia ya haja kubwa. Vikiachwa huungana na kuwa na uso wenye mikunjo kama koliflawa. Lakini si kila kipele ni ugonjwa. Vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vilivyojipanga mstari kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, ni maumbile na havihitaji dawa. Kipele chenye kishimo katikati huwa kimesababishwa na kirusi kingine. Vile bapa, vyenye unyevu, huweza kuwa kaswende, na hapo kipimo cha damu ndicho kinachoamua. Kidonda kigumu kinachotoka damu na kisichopona lazima kichunguzwe kwa kuhofia saratani. Hata dawa ina utaratibu wake: podofilini hupakwa na mhudumu juu ya kinyama tu, ngozi ya pembeni ikikingwa kwa vaselini, kisha huoshwa baada ya saa chache. Anayejipaka dawa ya kuunguza kwa siri huishia na kidonda. Na hata tiba ikifanywa vizuri, vinyama huweza kurudi, kwa sababu dawa huondoa kinyama na si kirusi.

Wapo wanaosema hoja yangu inawapa wazinzi pa kujifichia. Hofu yao naielewa, lakini tiba haimsafishi mtu. Inakataa tu kutoa ushahidi isiokuwa nao. Hukumu ya kubahatisha ina gharama yake: mke hufukuzwa kwa maambukizi ambayo huenda mume ndiye aliyeyaleta, na mwanaume huficha vinyama hadi vimeenea. Wengine husema kwamba ikiwa mwili hujitibu, na aina ya 6 na ya 11 si za saratani, basi hakuna haja ya kuhangaika. Jibu langu ni kwamba mtu mmoja huweza kubeba aina kadhaa kwa pamoja. Aina ya 16 na ya 18 husababisha takribani asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inaongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Na wanaume nao hupata saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo kutokana na kirusi hiki.

Pingamizi la mwisho ni kwamba chanjo ya HPV ni ya wasichana, haimhusu baba. Ushahidi unakataa. Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007 kwa chanjo inayokinga pia aina ya 6 na ya 11. Miongoni mwa vijana wa kiume wa chini ya miaka 21 wenye uhusiano na wanawake waliofika kliniki za magonjwa ya ngono, waliokutwa na masundosundo walishuka kutoka takribani asilimia 12 mwaka huo hadi 2 mwaka 2011, ilhali wavulana walianza kuchanjwa 2013. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Baba anayemruhusu binti yake kuchanjwa anawakinga na wavulana wa kizazi chake.

Ndugu yangu, ukiona kinyama sehemu za siri, nenda kituo cha afya kikaangaliwe, na upime VVU na kaswende siku hiyo hiyo. Mwambie mwenzako bila kumshutumu, naye akapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Binti yako akifikisha miaka 9, apate chanjo yake.