Swali la mama mdogo kuhusu treni mpya

Nilikuwa Geita kikazi, nikarudi Shinyanga na mafua ya vumbi. Nilipofika nyumbani mama yangu mdogo akanibebesha swali ambalo sijaacha kulifikiria.

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye beseni lake: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, kuku wa kienyeji. Treni ya Mwanza ikisimama stesheni ya Shinyanga anakimbia dirisha hadi dirisha, chenji mdomoni. Juzi akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, hiyo treni ya umeme madirisha yake yanafunguka?"

Nimeipanda Dar hadi Dodoma. Hayafunguki.

Akanyamaza kidogo. "Sasa watu watakulaje njiani?"

Jamani, habari za reli hii nimeziandika mara nyingi. Mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulisainiwa Januari 2021, na Rais Samia akaweka jiwe la msingi Juni mwaka huohuo. Kilomita 341, huwa naandika, halafu naenda kunywa chai. Lakini njia kuu ni kilomita 249 tu. Zile 92 ni reli za pembeni, za kupishania treni na kuegesha mabehewa. Mama mdogo hakuwa na haja na kilomita. Alitaka kujua mlango wa stesheni utaangalia wapi, na yeye atasimama wapi.

Ni swali la maana kuliko tunavyodhani. Dar stesheni mpya imekaa jirani na ile ya zamani, katikati ya jiji, ukishuka unatembea. Morogoro wameiweka Kihonda, kwa hiyo ukishuka unaanza kupatana na bodaboda. Wapo wahandisi watakaokwambia kwamba treni ya kilomita 160 kwa saa haipendi kona, na mjini nyumba za kulipa fidia ni nyingi. Sawa, nakubali. Ila stesheni ikihama, soko nalo linahama, na mwenye beseni hana fidia.

Sasa njooni Geita. Waingereza walipofikisha reli Mwanza mwaka 1928, akili yao ilikuwa kwenye pamba. Njia ikapita Isaka, Shinyanga, Malampaka, Malya. Kahama ikabaki pembeni, Geita ikabaki ng'ambo ya ghuba. Reli mpya nayo inafuata ushoroba uleule wa pamba, wakati siku hizi pesa ya kanda hii inachimbwa ardhini upande wa magharibi.

Kuna mtu aliniambia dhahabu haihitaji treni, inaruka na ndege. Kweli, tofali la dhahabu linaingia kwenye begi. Lakini dizeli ya mgodini haiingii kwenye begi, wala saruji, wala vyuma, wala mchele wa kulisha wachimbaji. Vyote hivyo nilipishana navyo barabarani, lori nyuma ya lori. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, ila ni la magari, reli haipiti pale.

Kwenye makaratasi lipo tawi la Isaka hadi Rusumo, kilomita 371, ambalo Tanzania na Rwanda zilikubaliana mwaka 2018. Hilo linaelekea Kahama. Mimi si mhandisi, lakini ningepewa kalamu ningechora katawi kengine kutoka Kahama, kapite Kakola penye mgodi wa Bulyanhulu, kaishie Geita mjini. Mjini kweli, si porini kilomita kumi nje! Sijui wewe msomaji ungechora wapi.

Nilimweleza mama mdogo mawazo yangu hayo yote ya matawi. Akasikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Geita ni yako, mimi niandikie barua ya hapa."

Basi jana usiku nimemwandikia, ya kwenda halmashauri: yeye na wenzake saba wanaomba vibanda karibu na mlango wa stesheni mpya. Asubuhi nikamsomea kwa sauti. Amesema niongeze sentensi moja kabla hawajaweka sahihi: bomba la maji liwepo, maana bila maji hakuna anayepika.