Magomeni ya Mtwara: Tulikwenda Kutafuta Reli

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Magomeni, atakuuliza: Mapipa au Mikumi? Hapana, jamani. Hii ni Magomeni ya Mtwara, kusini kabisa, ambako korosho ndiyo habari ya mjini.

Tulikwenda mimi na mume wangu kumsalimia shangazi yake. Ukweli wenyewe, tulikwenda pia kujitafuta. Miaka mitatu ya ndoa, wote tuko kazini, na jioni kila mtu na simu yake. Tulishafikia kutumiana meseji tukiwa chumba kimoja.

Siku ya pili shangazi akatuchoka. "Wanangu, tokeni mkatembee. Mnaninunia ndani kwangu kwa nini?"

"Tutembee wapi, shangazi?"

"Nendeni hata Reli."

Mume wangu akauliza treni inapita saa ngapi. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Reli ni kata ya mji huu, lakini treni ya mwisho ilipita yeye akiwa mtoto.

Habari yenyewe ndiyo hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitaka kulima karanga kwa mashamba makubwa, Nachingwea ikiwa mojawapo. Wakajenga reli na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, na mji ukapimwa kwa matumaini makubwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Bandari ilifunguliwa 1954, karanga zikiwa zimeshakufa, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Likabaki jina.

Tulizunguka karibu saa mbili bila kuona hata taruma moja. Lakini tuliongea! Kwanza tulibishana njia ilipita wapi, baadaye tukaongelea mambo ambayo nyumbani tulikuwa tunayakwepa. Miguu ilipochoka ndipo tukagundua tatizo: ili ukae kivulini, lazima uagize soda. Soda ikiisha, mhudumu anakuangalia.

Nikamwambia mume wangu, hebu fikiria njia ya treni iliyokufa ikawa njia ya watu. Miti pembeni, mabenchi, bila kiingilio.

Si ndoto. New York kuna reli ya juu iliyopitisha treni ya mwisho mwaka 1980. Ilitakiwa kubomolewa. Mwaka 1999 wakazi wakaanzisha kikundi cha kuitetea, na 2009 sehemu ya kwanza ikafunguliwa kuwa bustani, High Line. Leo ni kama kilomita 2.3 za kutembea. Ila kodi za nyumba jirani zilipaa, kwa hiyo mpango wa namna hiyo uanze na wenyeji, usiwafukuze.

Hapa jirani, Bamburi, Mombasa, kuna mfano mwingine. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyokuwa jangwa la mawe. Alijaribu aina 26, zikapona tatu tu. Mvinje ndio uliomtoa, na jongoo wakatafuna majani yake makavu mpaka ukapatikana udongo. Leo ni Haller Park, japo kuingia unalipa. Ndipo alipopelekwa Owen, yule kiboko yatima wa mwaka 2004 aliyejenga urafiki na kobe mzee.

Mvinje, mpenzi msomaji, unaota hata pwani yetu. Sisemi tusubiri Haller wetu, wala sipingi treni: mpango wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay umezungumzwa miaka mingi, na ikija tutaipanda. Nasema kipande kilicho wazi leo, cha reli au cha chochote kilichokufa, kikishakatwa viwanja hakirudi. Wa kukisemea ni sisi tunaokwenda kwenye mikutano ya mtaa kwa nadra, halafu tunalalamika hakuna pa kwenda wikiendi.

Jioni ya mwisho tulinunua korosho, tukatoka Magomeni kwa miguu hadi ufukweni Shangani. Bahari bado haina kiingilio. Simu tulimwachia shangazi.

Tumerudi Dar sasa. Kila Jumapili tunatembea, ila mtaani kwetu tunatembea barabarani, tukikwepa bodaboda, mmoja mbele na mwingine nyuma. Na mkipangana hivyo, hamuwezi kuongea.