Kipimo cha Tone la Damu

Sisi tufundishao hesabu katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika huulizwa mara nyingi na wanafunzi, sini na tanjenti zamfaa nini mtoto wa mvuvi? Miaka michache iliyopita tulidhani tumepata jibu.

Katika kijiji kimoja kusini ya Ujiji vijana wawili walikuwa wakilinda nyavu katika banda lenye sakafu ya saruji. Usiku mmoja mmoja wao alikutwa amelala chini, kichwa kimepasuka. Alipopata fahamu alisema kwamba alikuwa amesimama, mwenzake akampiga kwa kafi. Mwenziwe akaapa kuwa yule aliteleza tu, akaangukia mashine ya mtumbwi. Wazee wakaitisha baraza. Mshtakiwa alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani, na mama yake akatujia akilia, "Mwalimu, wewe umesoma. Mwokoe mwanangu."

Basi tukachukua rula, nyuzi na kitabu cha majedwali, tukaenda bandani kabla damu haijaoshwa. Tone lidondokalo wima huacha duara; lijalo kwa mshazari huacha alama ndefu kama kiluwiluwi, ila mkia wa alama hii hutangulia mbele, huonyesha tone lilikokuwa likienda. Ukigawanya upana kwa urefu, bila kuuhesabu mkia, wapata sini ya pembe ambayo tone liligonga nayo sakafu. Alama moja ilikuwa na upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 6: nusu, yaani digrii 30. Tukanyosha nyuzi kurudi nyuma kutoka alama mbalimbali, zikakutana karibu mahali pamoja, sentimita 60 kutoka alama ile. Tanjenti ya digrii 30 ni 0.577, mara 60, yapata sentimita 35. Tena tone haliruki kwa mstari ulionyoka kama uzi. Lavutwa chini lingali njiani, kwa hiyo chimbuko lake laweza kuwa chini zaidi ya hapo, wala si juu.

Tukasimama barazani, kwa fahari, twakiri, tukasema, "Damu hii haikuruka kutoka kichwa cha mtu aliyesimama. Kijana alianguka." Wazee wakaziheshimu tarakimu. Mshtakiwa akaachiliwa, na mwenye jeraha akaitwa mwongo. Yule mama akatuletea kapu la dagaa, tukala.

Baadaye ndipo tuliposoma zaidi. Piotrowski alikwisha kuandika juu ya damu irukayo kutoka kichwa kilichopigwa, mwaka 1895, na Balthazard wa Paris na wenzake wakaieleza hesabu ya matone mwaka 1939. Humo katika kusoma tulikuta jambo lililotunyima usingizi: pigo la kwanza kwa kawaida halirushi damu, maana ngozi ndiyo kwanza yapasuka. Damu huruka panapopigwa tena pale palipokwisha kulowa. Basi huenda kijana alipigwa amesimama, akaanguka, akapigwa mara ya pili akiwa chini! Au alianguka kweli, kisha akatikisa kichwa, ama akakohoa damu iliyomwingia kinywani. Sentimita 35 zapatana na hayo yote. Hata huko Marekani, jopo la Akademia ya Taifa ya Sayansi lilionya mwaka 2009 kwamba mashaka katika ufundi huu ni makubwa mno. Na damu ni ya nani, rula haijui kabisa; hiyo ni kazi ya maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Tukarudi kwa wazee, tukawaambia kuwa tulisema zaidi ya tulivyopima. Mzee mmoja akauliza, "Sasa, Mwalimu, hesabu yako yasema nini?"

"Yasema damu ilirukia chini ya urefu wa goti."

"Basi?"

"Basi, baba."

Kutoka hapo tukaenda kwa yule aliyeitwa mwongo. Tulimkuta ufukoni, kovu lake limekwisha kufunga, anashona wavu. Alitusikiliza mpaka mwisho, asiseme neno, kisha akaendelea kushona.