Siku ya Tatu Tulichukua Jembe

Sisi ni dada watatu, baba mmoja mama mmoja, wazaliwa wa Kamachumu, wilayani Muleba. Mkubwa wetu ameolewa Dar es Salaam, wa pili Mwanza, na mdogo Morogoro. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakwenda nyumbani mmoja mmoja, tena mbio mbio, kwenye msiba au harusi. Tunafika Ijumaa, Jumapili tunafunga mizigo. Krismasi ni ya ukweni, na hilo hatulilalamikii, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: msichana akishaolewa, kwao ni kwa mumewe.

Wazazi tunao bado, tunamshukuru Mungu. Tata ana miaka 81 na Mama ana 76. Kaka yetu wa pekee alifariki, akaacha mtoto mmoja wa kiume anayesoma sekondari ya bweni. Kila Jumapili jioni tulikuwa tunapiga simu. Mama anajibu, "Tupo salama, wanangu. Ninyi je?" Nasi tunajibu, "Sisi pia tupo salama." Mwisho wa mwezi tunatuma fedha kidogo kwa simu, na dhamiri zinatulia.

Likizo ya Juni mwaka 2024 tuliamua kwenda wote watatu pamoja, na watoto wetu saba, tukae wiki mbili. Tulikuwa tumeweka akiba ya nauli tangu Oktoba. Waume zetu walituruhusu, ingawa mmoja aliuliza kama kuna msiba. Swali lile lilituchoma. Kumbe tulikuwa tumewazoesha watu kwamba nyumbani kwetu ni mahali pa kuzikia tu!

Tulipokelewa kama wageni

Wawili wetu tulipitia Dodoma, Singida, Kahama na Biharamulo, safari ya kulala njiani. Dada wa Mwanza alivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, maana daraja lilikuwa bado linajengwa (lilifunguliwa Juni 2025), akapitia Geita. Watoto wake walitamani meli, lakini kwetu neno hilo halisemwi mbele ya Mama. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa Igoma, mbali na migomba ya kwao. Tangu siku ile Mama aliapa kwamba mtoto wake hatapanda meli.

Tulikutana Muleba mjini tukapanda wote kwenda Kamachumu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha sikukuu. Tulipiga magoti kumsalimia kama alivyotufundisha, na watoto wetu wa mjini wakatuiga huku wakichekana.

Siku hiyo tulikula vizuri mno: ndizi zilizopikwa na maharage, zikafunikwa kwa majani ya mgomba, na samaki wa ziwani. Tata alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, tukatafuna tukiongea hadi usiku. Kila tulipoinuka kwenda jikoni, Mama alisema, "Kaeni, mmechoka na safari." Siku ya pili akachinja kuku wawili. Tukainuka tena, naye akasema tena, "Kaeni. Nyumbani mnakuja kupumzika." Nasi tukakaa. Tunaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulijiambia kwamba mwaka mzima sisi ndio tunaopika kwetu, acha Mama atudekeze kidogo.

Usiku wa siku hiyo ya pili, mdogo wetu alitoka kumpeleka mtoto chooni. Ilikuwa saa saba. Aliona mwanga jikoni, akasogea. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele, anamenya ndizi za kesho yake. Anamenya moja, anapumzika, anakunja na kukunjua vidole, kisha anachukua nyingine.

"Mama, kwa nini usiku huu?"

"Vidole havifanyi kazi kama zamani," alijibu. "Nikimenya mchana mtaona ninavyochelewa."

Mdogo wetu alikuja kutuamsha huku akilia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama asingetupa jembe kamwe. Kulipokucha tulilichukua wenyewe.

Mambo ambayo simu haikutuambia

Mmoja alibaki jikoni, wawili tukaingia kwenye kibanja. Tulikijua kibanja kile kikiwa safi kama sebule, migomba imenenepa, na mibuni kati yake. Sasa majani yalifika kiunoni. Migomba kadhaa ilikuwa na majani ya njano yaliyolegea, na ndizi zimeiva kabla ya kukomaa. Mdogo wetu alikata shina moja, ukatoka ute wa njano. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa ulioingia mkoani Kagera mwaka 2006 na kuwatia watu wengi njaa. Dawa ya kunyunyizia haipo. Mgomba mgonjwa lazima ung'olewe, panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua la mkungu litolewe kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Tata anayajua yote hayo vizuri kuliko sisi. Nguvu ndizo zilizokwisha.

Kahawa ilikuwa imewiva vizuri, nyekundu. Tukamwambia Tata kwamba tutamsaidia kuichuma. Alinyamaza. Baada ya muda kijana tusiyemfahamu alikuja na kikapu, akasalimia kwa adabu, akaanza kuchuma kahawa yetu.

Ndipo tulipoelewa. Tata alikuwa ameiuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini, haijawiva, kwa bei ya chini sana. Watu wa kwetu mnajua maumivu ya butura. Serikali inaikataza, lakini mwenye shida hasubiri msimu. Mwezi wa Machi Mama aliugua, zikatakiwa fedha za dawa na za gari, naye Tata akachukua fedha ya mnunuzi.

"Kwa nini hukupiga simu?" tuliuliza.

"Mna ada za watoto," alisema. "Tena si vizuri kumsumbua mume wa mtu kila wakati."

Mume wa mtu! Huyo ni mkwe wake, aliyekula kwake na kulala kwake. Lakini kwa Tata, sisi tulikuwa tumekwishakuwa watu wa kwa watu.

Siku ya nne watoto walikuwa wanacheza kujificha. Mmoja alijibanza nyuma ya kabati la vyombo sebuleni, akatoka anasema, "Mama, huku naona nje." Tulisogeza kabati. Ukuta ulikuwa na ufa kutoka chini hadi karibu na paa, mkono unapita. Ulitokana na tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lile lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na wilaya za jirani. Siku ile tulipiga simu wote watatu kwa hofu, na Mama akajibu, "Tupo salama, ni nyufa ndogo tu." Kisha akasogeza kabati. Miaka karibu minane tumeingia na kutoka sebuleni mle, tumekunywa chai mbele ya kabati lile, hatukujua.

Kwanza tuliwakasirikia. Usiku tulikaa sisi watatu tukasema wazazi wametudanganya. Ndipo dada wa Mwanza akanyamaza, halafu akasema kwamba yeye alipunguzwa kazini tangu Januari na hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata sisi. Kila Jumapili alisema yupo salama. Basi hasira ikaisha. Nyumba ile iliwahi kulala watu kumi na mmoja, kwa sababu miaka ya themanini na tisini, UKIMWI ulipokuwa unaondoa wazazi katika kila kijiji cha Kagera, Tata na Mama walilea watoto wa ndugu zao pamoja na sisi. Hawakumsumbua mtu. Kuficha shida tulikujifunza kwao.

Safari ya Bukoba

Wiki ya pili tulimpeleka Mama hospitali Bukoba mjini. Alikataa siku mbili, ya tatu tukamwambia gari limekwishalipwa. Daktari alikuta shinikizo la damu liko juu na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Magoti na vidole ni baridi yabisi. Hakuna lililokuwa la ajabu, na yote yana matibabu. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi kwa ajili ya jicho.

Tulipotoka tulimwomba twende ufukweni tukale samaki. Tulidhani atakataa. Alishuka taratibu akitushika mikono, akakaa akilitazama ziwa muda mrefu. Alituambia kwamba tangu mwaka 1996 hakuwahi kukaa karibu na maji yale. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Kula, mwanangu. Samaki hana kosa." Tulicheka sote, na yeye mwenyewe akacheka hadi akajifuta machozi.

Neno la Tata

Jioni ya kuamkia safari, Tata alimwita baba yetu mdogo, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili. Akasema anataka kusema habari za kibanja akiwa hai na akili timamu.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui uzito wa jambo hili. Kwa mila yetu ya Kihaya, ardhi ya ukoo ni ya wanaume. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia maisha yake yote, lakini asiiuze. Ni katika wilaya yetu hii hii ya Muleba ambako Bi. Holaria Pastory, aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake, aliiuza mwaka 1988 kwa kuwa alikuwa anazeeka na hana wa kumtunza. Mpwa wake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili.

Tata hakutaja sheria. Alitaja Biblia, wale mabinti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Akasema kijana wa kaka yetu atapata upande wa nyumba na makaburi, na sisi watatu tutapata upande wa chini wenye mibuni. Baba mdogo aliinamisha kichwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Nimewaona wiki hii wakilima. Mgeni halimi hivyo." Ikaandikwa, wakatia sahihi.

Hatukulia kwa sababu ya shamba. Hakuna kati yetu anayefikiria kuliuza. Tulilia kwa sababu Tata alisema, "Kwenu ni hapa pia. Mkiona jambo, msisubiri kuitwa."

Tulichojifunza

Akina mama wenzetu, hatuandiki haya kama watu waliofanikiwa. Tumechelewa miaka mingi. Lakini tuliyoyafanya tangu hapo yako ndani ya uwezo wa wengi. Tumegawana mwaka: kila baada ya miezi minne mmoja wetu anakwenda, anakaa siku saba, na anaingia jikoni siku ya kwanza. Fedha tuliyokuwa tunatuma kila mtu kivyake tunaiweka pamoja, na imetosha kumlipa kijana wa jirani anayepalilia na kung'oa migomba migonjwa. Msimu uliofuata kahawa haikuuzwa kwa butura. Ufa ulijengwa na fundi wa kijijini. Jicho la Mama lilifanyiwa upasuaji. Na tukipiga simu, tunampigia pia jirani mmoja mwaminifu, maana simu ina sauti lakini haina macho.

Waume zetu tuliwaeleza yote bila kuficha, hata habari ya kuachishwa kazi. Yule aliyeuliza kama kuna msiba ndiye aliyetoa mifuko ya saruji. Usimdhanie mumeo vibaya kabla hujamwambia. Na wazazi wake nao wana makabati yao, tukasogeze huko pia.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alitupa kila mmoja mkungu wa ndizi na fungu la kahawa ya kutafuna. Mara hii alituacha tubebe wenyewe hadi kwenye gari. Dada mkubwa alipomuuliza tena hali yake, alitaka kusema yupo salama, akajizuia. Akasema, "Goti la kulia linauma. La kushoto lina nafuu."

Tulishukuru kwa jibu lile kuliko zawadi zote. Mungu awajalie nanyi wazazi wenu wawaambie ni goti lipi linalouma.